Oda zimeongezeka, wageni wananung'unika: apu inaniulia huduma au ni mimi nimeshindwa?

"Salaam aleikum kaka. Nina hoteli ndogo Tudor, meza nane, tunauza biriani, pilau, kuku wa kupaka, viazi karai, na asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mwaka jana nilijiunga na apu moja ya kupeleka chakula. Mwanzo nilifurahi sana, oda zinatoka mpaka Nyali na Bamburi. Saa hii nimechoka. Wageni wanaokaa ndani wanasema wamesahauliwa, maraida wanajaa kaunta na helmeti zao na kila siku ni ugomvi na weita wangu, reting imeshuka kutoka 4.7 mpaka 3.9, na mtu akiandika 'biriani baridi, mchuzi wote umemwagika' sina hata namba yake nimpigie nimtake radhi. Alafu mwisho wa mwezi nikipiga hesabu faida siioni. Biashara hii aliianza mamangu, na watu wanatujua kwa tunavowapokea. Je hizi apu zinaua huduma kwa wateja ama ni mimi nimeshindwa? Nitoke?"

Wa aleikum salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonigusa zaidi ni pale uliposema huna namba ya mteja umtake radhi. Mtu asiyejali wageni hawezi kuumwa na kitu kama hicho, kwa hivo swali la kwanza nakujibu hapa hapa: hujashindwa. Unaendesha biashara mbili ndani ya jiko moja na hakuna aliyekwambia kwamba ni mbili. Mimi nilianza uweita kwenye hoteli za ufuoni huku North Coast, baadaye nikawa nafundisha weita na wapishi, na haya unayoyaeleza nshayaona kwa wenye hoteli wengi sana mjini hapa. Yana sababu zake, na sababu zikijulikana mengi yanarekebishika.

Hebu tuanze na vile mambo yalivyokuwa kabla ya apu. Mgeni anafika mlangoni, anaona meza zimejaa, anaamua mwenyewe kungoja ama kurudi kesho. Akikaa, weita anamuona uso. Anasema nipunguzie pilipili, niongezee mchuzi kidogo, huyu mtoto mletee wali mtupu. Biriani ikichelewa unamtuma kijana apeleke glasi ya juisi ya ukwaju na neno zuri, na hasira inashuka. Chumvi ikizidi unamuona usoni kabla hajasema, unabadilisha sahani. Yani makosa yapo kila siku lakini yanatengenezwa pale pale mezani, mgeni anaondoka ameridhika na wewe husikii tena habari hiyo. Huo ndo ukarimu wa mamako, na sehemu kubwa ya huo ukarimu ilikuwa ni kurekebisha vitu mgeni akiwa bado amekaa.

Apu imekuondolea vitu viwili. Cha kwanza ni mlango. Hoteli yako ina meza nane, tuseme viti 32, na jiko lako lilijengwa na kuzoea viti hivo 32. Apu haioni kama umejaa. Ijumaa watu wakitoka kuswali, ndani hakuna pa kukaa, na tabuleti bado inalia tu oda, oda, oda, kila moja ni kama mtu ameingia akakaa kwenye kiti ambacho hakipo. Umeongezewa viti bila kuongezewa jiko. Ndo maana wageni wa ndani wanasahauliwa, weita wako hana roho mbaya, mikono ni ile ile miwili na kuna kitu kinapiga kelele kwenye kaunta na mgeni wa mezani amekaa kimya kwa adabu zake. Kinachopiga kelele ndo kinahudumiwa kwanza, popote duniani.

Cha pili ni uso. Wa Bamburi humuoni anavofungua mfuko. Chochote ambacho ungemwambia ama kumfanyia mezani, sasa lazima kifanyike mapema, na mikono, kabla chakula hakijatoka mlangoni. Karibu yako, pole yako, na samahani yako zote zinaingia kwenye ule mfuko na zinafungwa nao. Ukikubali hilo, mambo mengi unayoyaona kama vita na apu yatageuka yawe kazi ya kawaida ya jikoni, na jikoni wewe si mgeni.

Hapo nataka nikuombe ufanye kitu kimoja kabla hujabadilisha chochote. Siku moja ya kawaida, mwambie mpishi afunge oda kamili vile anavofunga kila siku, biriani ya kuku na viazi karai na kachumbari, umpe mtu wa boda azunguke nayo, atoke Tudor apite daraja la Nyali, aende Links Road, arudi. Usimwambie aende polepole. Akirudi uiweke mezani, uifungue wewe mwenyewe, ule.

Mimi nshafanya hivo na mwenye hoteli mmoja, hatutamtaja, na alikuwa na reting mbaya kuliko yako. Tulipofungua kifuniko cha wali maji yalidondoka kama paa linalovuja. Viazi karai vilivyotoka jikoni vinalia vikitafunwa vilikuwa laini kama sponji. Kachumbari alikuwa ameiweka juu ya wali wa moto, kitunguu kimeiva nusu, kinanuka. Kikopo cha mchuzi kilijazwa mpaka juu (kwa roho safi kabisa, alitaka mteja ashibe) na tuta la kwanza tu barabarani lilikuwa limeshakifungua, mchuzi umeingia kwenye tishu, kwenye kijiko, na mfuko wa karatasi umelowa chini umeanza kuchanika. Yule mama alinyamaza muda mrefu, alafu akasema mimi chakula hiki singempa hata mtu nnayemchukia. Na kilikuwa kitamu dakika 40 nyuma.

Sababu zake ni za kawaida. Chakula cha moto kinatoa mvuke, mvuke ukigonga kifuniko ambacho kimepoa kidogo unageuka maji, na maji yanarudi kwenye chakula. Kwa wali si mbaya sana, kwa kitu kilichokaangwa ni kifo. Kwa hivo viazi karai, bhajia na sambusa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi ama boksi lenye matundu, zikae dakika moja mbili zitoe mvuke kabla ya kufungwa, na zisilale na biriani. Wali ufungwe ungali moto sana na uzibwe vizuri. Mchuzi na masala uache nafasi ya upana wa kidole juu, utandike karatasi ya nailoni ya jikoni chini ya kifuniko, kikopo kisimame wima na kibanwe na vitu vingine kisiweze kulala. Kachumbari na ukwaju pembeni, kwenye vikopo vidogo, vikiwezekana mfuko wao wenyewe manake vya baridi na vya moto havikai nyumba moja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017 sote tunatumia karatasi, na karatasi ikilowa imekwisha, kwa hivo weka kipande cha kadibodi chini ama nunua ile mizito kidogo. Ni shilingi chache. Reting yako ya 3.9 kwa maoni yangu nusu yake imo kwenye vifuniko.

Na kuna vyakula vya kutoa kabisa kwenye apu. Najua hili linauma. Kama mahamri yako ni mazuri yakitoka tu kwenye karai na baada ya nusu saa yanakuwa ngozi, yauze ndani, apu isiyaone. Wa ndani wapate kitu ambacho wa kwenye simu hapati, hiyo nayo ni heshima kwa waliotoka majumbani wakaja kwako.

Ntaingiza jambo la usalama hapa kwa sababu watu wanalipita. Chakula kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60 vijidudu vinazaana haraka, na kwa joto la Mombasa hatuna anasa ya kusubiri. Wali hasa uangalie sana. Kuna bakteria wa kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi zikipikwa, wali ukikaa vuguvugu masaa zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha tena. Vya nazi navyo wajua mwenyewe vinavochacha. Kwa hivo usifunge oda mapema ukaipanga kaunta ati raida akija apate tayari. Ikishafika masaa mawili tangu itoke motoni haijafika kwa mteja, hiyo si ya kuuza. Na mtu akikuandikia kwamba amekula kwako akaumwa, usianze kubishana naye, mwambie aende hospitali, alafu umuite afisa wa afya ya umma wa kaunti aje aangalie jiko lako. Kumuita mwenyewe ni bora kuliko kuletewa. Na zile cheti za afya za wapishi na weita za kila miezi sita zikaguliwe, pamoja na wale vijana wanaofunga oda tu, manake nao wanashika chakula.

Sasa maraida. Hapa dada yangu ntasema ukweli ambao hautaupenda: nadhani kosa liko zaidi upande wako. Raida analipwa kwa safari, hana mshahara wa kusimama. Kila dakika anayongoja kwenye kaunta yako ni mafuta na mkate vinamtoka, na mteja kule anamtumia meseji uko wapi. Apu inampeleka kwako kulingana na muda wa matayarisho ambao wewe mwenyewe umeuandika ama ambao mashine imeuona kwa oda zako zilizopita. Ukiandika dakika 15 na biriani inatoka kwa 35, yeye amefika kwa 15, na dakika 20 zilizobaki anazila nani? Yeye. Anazila amesimama, kwenye joto, weita anampita kama nguzo. Hapo ugomvi lazima.

Alafu fikiria jambo hili. Yeye ndo mtu wa mwisho kushika karibu yako. Mlangoni kule Bamburi mteja hamuoni mwanao wala mamako, anamuona yeye. Raida aliyetukanwa kwako hawezi kuubeba mfuko wako kama yai. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema hivo kila siku, na huyu naye ni mgeni, tena anakuletea hela.

Kwa hivo mtoe kaunta. Mtafutie dirisha la pembeni ama meza karibu na mlango wa nyuma, benchi moja, kivuli, jagi la maji. Si gharama kubwa, na wageni wako wa ndani hawatakula tena wakiwa na helmeti mbele ya macho. Weka mtu mmoja tu wa oda za apu, masaa yale ya mchana na jioni, ambaye hana meza hata moja. Weita wa meza asiguse tabuleti kabisa. Nshaona hoteli ikibadilika kwa wiki moja kwa hilo tu peke yake. Na muda wa matayarisho uandike wa kweli. Unaogopa kwamba ukiandika dakika 35 mteja ataenda kwingine, na ni kweli wengine wataenda, lakini aliyeahidiwa 35 akapata 35 hakukasirikii, aliyeahidiwa 15 akapata 35 ndo yule anayekuandikia.

Hapo pia kuna dhana potofu nataka kuiondoa, kwamba ukishajiunga lazima tabuleti iwake muda wote mko wazi. Apu nyingi zina kitufe cha kusimamisha oda kwa muda, ama kusema mko bize, ama kuzima chakula kimoja kilichoisha. Kile kitufe ndo mlango wako uliopotea. Kitumie. Jipangie kiasi, mfano tukifika oda sita zinazopikwa kwa wakati mmoja tunasimamisha kwa dakika 20, na kila aliye kwenye kaunta aijue hesabu hiyo. Kusimamisha mapema ni bora mara kumi kuliko kukubali oda alafu uikatae, manake kukataa ndo kunahesabiwa vibaya na mashine na ndo kunamuacha mteja na njaa. Kuku wa kupaka akiisha azimwe sekunde ile ile, usingoje mtu aagize ndo umtafute.

Na Ramadhani usisahau. Kila mtu anataka futari ifike dakika ile ile ya magharibi, na raida naye amefunga, anataka tende yake na maji kama wewe. Oda iliyoingia saa kumi na mbili kasorobo ya jioni haiwezi kufika Bamburi kwa wakati, daraja la Nyali saa hizo unalijua mwenyewe. Simamisha oda saa kumi na moja na nusu, ama hata mapema zaidi kwa walio mbali, na kwenye maelezo ya hoteli uandike wazi kwamba futari iagizwe kabla ya saa fulani. Hakuna atakayekulaumu kwa kumwambia ukweli saa kumi, watakulaumu kwa uji uliofika baada ya isha.

Sasa reting. Uliandika kama vile ni aibu yako, na mimi nataka uione kama hesabu. Hoteli yenye maoni 10 yote ya nyota tano, akija mmoja akatoa nyota moja, wastani unaanguka mpaka karibu 4.6. Hoteli yenye maoni 100, yule yule mtu mmoja anaishusha mpaka 4.96 tu. Hoteli ndogo inapigwa zaidi kwa sababu ni ndogo, si kwa sababu ni mbaya. Kurudi juu pia ni hesabu: tuseme una maoni 40 na wastani 3.9, unahitaji watu 48 mfululizo wa nyota tano ndo ufike 4.5, kama apu inahesabu yote tangu mwanzo. Ni kazi ya miezi. Kwa hivo usiifungue kila saa ikakunyima usingizi, soma maneno badala ya namba. Watu wakisema baridi, huo ni muda na kufunga. Wakisema kidogo, hizo ni picha zako. Kama umeweka picha ya sinia la harusi na chakula chenyewe ni cha mtu mmoja, mteja ana haki ya kukasirika, piga picha ya biriani yako ikiwa ndani ya kontena lile lile linaloenda na uandike inashibisha wangapi.

Ile kiu yako ya kuomba radhi inaweza kutulizwa. Apu nyingi zinakuruhusu kujibu maoni, na jibu hilo halisomwi na aliyelalamika peke yake, linasomwa na kila anayefikiria kuagiza. Jibu kama ungejibu mezani, mfano: "Samahani sana, mchuzi ulimwagika kwa sababu tulijaza kikopo kupita kiasi. Tumeshabadilisha vikopo na namna ya kufunga. Asante kwa kutwambia." Usimlaumu raida hata kama ni yeye. Usiseme wateja wengine wote wanapenda. Na weka ndani ya mfuko kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, karibu tena, jina la aliyefunga. Linaonekana jambo dogo lakini mteja anajua kuna binadamu upande wa pili, na mtu hatoi nyota moja haraka kwa binadamu anayejua jina lake.

Lakini kuwa mwangalifu: kama kwa njia yoyote umepata namba ya mteja, usianze kumtumia matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali mwenyewe. Na kikaratasi cha kusema "tupigie moja kwa moja tukupunguzie" kabla hujakiweka usome mkataba, kuna apu zinazokataza na unaweza kufungiwa.

Tuje kwa hela, manake hapa ndo uamuzi wa kutoka ama kubaki utatokea. Komisheni za apu hizi kwa kawaida zinacheza kati ya asilimia 15 na 30, yako iko kwenye mkataba, itafute leo. Uangalie pia kama imeandikwa kabla ya VAT. Asilimia 25 ikiongezwa VAT ya 16 inakuwa 29. Tuchukue mfano wa biriani ya shilingi 500. Apu inachukua 145, inabaki 355. Tuseme kuku, mchele, mafuta, viungo na gesi ni 260 na vikopo na mfuko ni 35. Umebaki na 60, na hapo hujalipa mtu wala nyumba. Sasa siku hiyo umekubali ofa ya asilimia 20 na ofa inalipwa na wewe: bei inakuwa 400, apu inachukua 116, unabaki na 284, na gharama zako ni 295. Kila sahani inayotoka unapoteza shilingi 11, na tabuleti inalia kwa furaha kwa sababu oda zimeongezeka. Nahofia dada yangu huko ndo faida yako ilikoenda. Ofa yoyote uliza kwanza nani anailipa.

Wengi wanajaribu kurekebisha kwa kuongeza bei kwa asilimia ile ile ya komisheni, na inawashangaza haitoshi. 500 ukiongeza asilimia 29 ni 645, lakini apu inakata 29 ya hiyo 645, unabaki na kama 458. Ili ubaki na 500 kamili ungepaswa kuuza 704, na hiyo ni bei ambayo mteja wa Tudor ataicheka. Mimi nakushauri usitafute 500 kamili, manake oda ya apu haikalii kiti, hainawi mikono, haioshi sahani. Ukiuza 620 unabaki na 440, toa 295, una 145. Hiyo biashara inatembea. Ila uangalie mkataba kama unakuruhusu bei tofauti, na mgeni wa ndani akiuliza mbona kwenye simu ni ghali mwambie ukweli, kule nalipa komisheni na mfuko. Watu wanaelewa. Wasichoelewa ni kufichwa.

Kuhusu weita wako kuna jambo hukulisema lakini nalisikia. Amezoea baksheshi ya mezani, na sasa nusu ya jasho lake linaenda kwenye mifuko ambayo haimpi hata shilingi kumi. Anagombana na maraida kwa sababu hiyo pia. Ukipata ile 145, tenga kitu kidogo kwa kila oda, iwe ya wanaofunga, wagawane Jumamosi. Na wakijua kwamba oda iliyorudi kwa kukosa kachumbari inapunguza hiyo hela, utaona wanavohesabu vikopo. Kila oda ipigwe picha kabla ya kufungwa, ifungwe kwa stika, manake mteja akisema kitu hakikuwemo apu inaweza kukukata wewe na bila picha huna la kusema.

Utoke ama ubaki? Nitakupa maoni yangu ya kweli. Kutegemea apu moja kwa kila kitu ni hatari, Jumia Food ilifungwa mwisho wa 2023 na waliokuwa wameweka mayai yao yote huko walianza upya Januari. Lakini kukaa bila njia yoyote ya kupeleka chakula nayo ni hatari, sote tunakumbuka Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa na hoteli zikaambiwa zifunge. Hoteli ya meza nane yenye jina kama lako ina njia ya katikati ambayo hoteli za kigeni hazina: wateja wa karibu, Tudor, Makupa, Majengo, wakupigie wenyewe, walipe kwa Till yako ya M-Pesa, na uwe na vijana wawili watatu wa boda unaowajua na mmekubaliana nauli. Hao hawahitaji apu, unawajua kwa majina. Apu ibaki ya Nyali na Bamburi, ambako usingewafikia, na iwe na vyakula vitano sita vinavosafiri vizuri, kwa bei inayokupa faida, na izimwe Ijumaa mchana kabisa. Ijumaa mchana ni ya waliokuja.

Kama hata baada ya hivo hesabu haitoki, toka, na usione haya. Kuna hoteli mjini hapa zinajaa kila siku na hazimo kwenye simu ya mtu yeyote.

Mambo matatu usiyamalize kwa kusoma majibu kama haya. Kama mkataba unakukataza kufanya kazi na apu nyingine ama unakubana kwa muda mrefu, upeleke kwa wakili kabla ya kusaini ama kuvunja. Kama kuna hela zako hazijalipwa na mnabishana, kusanya risiti na picha, andika malalamiko kwa maandishi kwanza, na ikishindikana Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja, uwe na ushahidi wako umepangwa kwa tarehe. Na kama umekopa kuendesha hii biashara tangu ujiunge, tafuta mhasibu akae na wewe mezani na stetimenti zote za apu na za M-Pesa, mwezi kwa mwezi. Hilo usilicheleweshe.

Kwa sasa nunua daftari. Wiki nne, kila siku, mistari minne tu: oda ngapi, ngapi zilichelewa, raida aliyengoja zaidi alingoja dakika ngapi, na baada ya komisheni kimebaki nini. Lakini kabla ya daftari fanya ile safari ya boda, kesho ikiwezekana, na mamako awe mezani mfuko ukifunguliwa. Alafu niandikie amesema nini.